Vyama vingi, muhuri mmoja

Wiki tatu zilizopita nilizungumzia uchaguzi katika kipindi hiki, na kabla sijafika nyumbani ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia katika simu yangu. Mwandishi wake ni msikilizaji wetu wa Mkula, katika Bonde la Kilombero, mkulima wa mpunga ambaye aliomba jina lake lisitajwe hewani. Aliuliza hivi: sisi ndio tuliowapa wapinzani ubunge mwaka 2015, mbona leo ukiuliza wapinzani wako wapi unaambiwa wamehama? Wamehamia wapi, na kura zetu wamemwachia nani?

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kukaa studio. Nikapanda basi.

Mkula ipo kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Ukielekea Ifakara, kulia kwako ni Milima ya Udzungwa, ambayo tangu mwaka 1992 ni hifadhi ya taifa. Kushoto ni bonde lenyewe, miwa na mpunga hadi macho yanapochoka. Reli ya TAZARA nayo inapita humo humo. Wapo Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wahehe, na wapo watu wa kila pembe ya nchi walioletwa na kiwanda cha sukari, na reli, au na njaa ya ardhi. Mchanganyiko huo una maana yake katika siasa. Hapa mgombea hawezi kusimama juu ya kabila lake peke yake akashinda; inambidi aseme jambo linalomgusa Mpogoro na Msukuma kwa pamoja, na mambo ya namna hiyo katika bonde hili yanajulikana: bei ya muwa, bei ya mpunga, ardhi, barabara, na kwa akina mama, kuni.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima ikiuliza watu kama wanataka vyama vingi. Zaidi ya watu 77 katika kila 100 waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akaunga mkono, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Wazee wa Mkula wanaikumbuka hesabu hiyo, tena wanaitumia kila upande kwa faida yake. Mkereketwa wa CCM atakwambia kwamba vyama vingi hatukuviomba, tuliletewa. Wa upinzani atakwambia kwamba hata uhuru si wote waliouomba siku ya kwanza.

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni watu wazima, baba zetu, wakisukuma gari la Augustino Mrema ingawa lilikuwa zima na lina mafuta. Mrema alipata chini kidogo ya kura 28 katika kila 100, Benjamin Mkapa akashinda kwa karibu 62. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba wingi wa watu mkutanoni na wingi wa kura sandukuni ni vitu viwili tofauti, jambo ambalo wanasiasa wengi hawajalielewa mpaka leo.

Kilombero yenyewe ilibaki mikononi mwa CCM kwa miaka 20. Dalili za mabadiliko zilionekana mwaka 2010, pale CHADEMA ilipomsimamisha Regia Mtema, binti wa bonde hili aliyetembea kwa mguu wa bandia na kuzungumza bila kumung'unya maneno. Alishindwa jimboni, akaingia bungeni kwa viti maalumu, na Januari 2012 akafariki kwa ajali ya gari. Nilipouliza Mkula upinzani ulianzia wapi kukubalika, wengi hawakunitajia chama. Walimtaja yeye.

Mwaka 2015 maji yakazidi unga. Ukisafiri barabara hii kutoka Mikumi, ulipita katika majimbo matatu mfululizo yaliyokwenda CHADEMA: Mikumi kwa Joseph Haule, yule mwanamuziki Profesa Jay, Kilombero kwa Peter Lijualikali, na Mlimba kwa Suzan Kiwanga. Ng'ambo ya mto, Ulanga na Malinyi, CCM ilishika viti vyake. Mto mmoja, mafuriko yale yale, na kura mbili tofauti.

Kwa nini? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, chini ya mwembe, na majibu hayakufanana. Mkulima mmoja wa miwa alieleza kwamba muwa wa mkulima mdogo hulipwa kufuatana na utamu, yaani kiasi cha sukari kinachopimwa kiwandani, na mkulima haoni kipimo wala mpimaji. Muwa ukichelewa kukatwa au kusafirishwa, utamu unashuka, na hasara ni yake. Yeye alimpigia mpinzani ili mtu fulani apige kelele juu ya kipimo kile, basi. Mwingine alitaja wafugaji walioondolewa bondeni katika operesheni ya mwisho wa mwaka 2012: wakulima walifurahi, lakini mipaka iliyofuata ikawagusa na wao, na furaha ikaishia hapo. Mama mmoja anayeuza maandazi alisema habari za kipimo hazijui. Yeye anajua kuni. Zamani waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Alipiga kura ya hasira, na anakiri hivyo hivyo. Baada ya kura, kuni hazikurudi. Milima inatazamana na jiko lake hadi leo.

Angalia basi, msikilizaji, kwamba katika majibu hayo yote hakuna aliyenitajia itikadi. Sisemi kwamba itikadi haina maana. Nasema kwamba mtu wa Mkula alipokuwa akichagua chama, mkononi alikuwa na muwa, shamba na mzigo wa kuni.

Sasa tuingie katika lile swali la kuhama.

Watu wengi hudhani uchaguzi umekwisha matokeo yanapotangazwa. Kwa kweli ndipo unapoanza wa pili, ule wa halmashauri. Madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na mbunge hukaa pamoja, na madiwani wakachaguana kupata mwenyekiti. Mwenye wajumbe wengi ndiye anayeshika kiti, na mwenye kiti ndiye anayeongoza vikao vya bajeti: zahanati ipi ipauliwe kwanza, mfereji upi uchimbwe. Pale vyama vinapokaribiana, mjumbe mmoja tu anageuza mizani, na ugomvi unahama kutoka kwa wapiga kura kwenda kwenye orodha ya wajumbe: nani ni mjumbe halali wa kikao hiki, na nani ni wa halmashauri ya jirani. Jijini Dar es Salaam uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa kwa sababu za namna hiyo, hadi Machi 2016 alipopatikana Isaya Mwita wa CHADEMA.

Kilombero mambo yalikuwa magumu zaidi. Mapema mwaka 2016 kikao cha kumchagua mwenyekiti wa halmashauri kiliingia katika vurugu, ubishi ukiwa ni huo huo wa nani anaruhusiwa kuingia na kupiga kura. Mbunge Lijualikali alishitakiwa kwa kufanya fujo, na Januari 2017 mahakama ya wilaya ikamhukumu kifungo cha miezi sita bila faini. Machi mwaka huo Mahakama Kuu ilimwachia huru kwa rufaa. Kwa miezi hiyo jimbo lilikuwa na mbunge gerezani. Mzee mmoja wa Mkula alinieleza alivyopokea habari hiyo akiwa shambani: alihisi kwamba aliyefungwa si mbunge, ni ile karatasi aliyoitumbukiza sandukuni. Mwenzake wa CCM aliyeketi pembeni hakukubali hata kidogo. Kwake, mbunge ametumwa kuleta maji na si kubishana mlangoni, na sheria ikivunjwa mlangoni inavunjwa na mvunjaji. Walibishana mbele yangu kwa robo saa nzima, kisha wakagawana ndizi.

Haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Katika kipindi hicho ndipo lilipoanza wimbi la wabunge na madiwani wa upinzani kuhamia CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Na katikati ya mwaka 2020, Bunge likikaribia kuvunjwa, Lijualikali naye alitangaza kuiacha CHADEMA na kutaka kujiunga na CCM. Baadaye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Nkasi. Yeye alitoa sababu zake, na kila mtu ana haki ya kubadili mawazo. Lakini msikilizaji wangu anayeuliza wapinzani wamehamia wapi hakuwa anafanya mzaha.

Lazima tuieleze sheria hapa, maana ndiyo inayoleta maumivu. Katiba yetu, ibara ya 67, haimruhusu mtu kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama, na ibara ya 71 inasema mbunge akiacha chama chake anapoteza kiti. Kwa maneno mengine, kwa macho ya sheria kiti kinafungamana na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo la kwanza kwa maisha yake yote. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba. Alishinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha, ikampa haki mwaka 2013. Mgombea binafsi hadi leo hatunaye. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mkula aliyempenda mgombea alilazimika kuchukua na chama chake, na aliyependa chama alilazimika kuchukua na mgombea wake. Wawili hao wakiachana njiani, mpiga kura haulizwi abaki na nani.

Msidhani ni sisi peke yetu. Kule Nigeria, katika jimbo la Zamfara, chama cha APC kilipata kura nyingi kabisa katika uchaguzi wa gavana wa mwaka 2019. Mahakama ya Juu ikasema kura hizo zote ni batili, kwa kuwa chama hakikuwa kimefanya kura za maoni kihalali ndani yake, na ugavana ukaenda kwa Bello Matawalle wa PDP aliyekuwa ameshindwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, Matawalle akahamia APC. Yaani kura zilitolewa mlangoni zikarudi kwa dirisha, na mpiga kura akiwa amekaa pale pale. Niliposimulia kisa hiki chini ya mwembe watu walicheka sana, na yule mama wa maandazi akauliza kama Nigeria nao hupanga foleni juani.

Hata hivyo, ubunge si ndio unaomgusa mtu kila siku. Kinachomgusa ni muhuri.

Mwenyekiti wa kijiji, pamoja na ofisa mtendaji, ndio wenye muhuri. Ukiuza au kununua shamba, unakwenda kwao. Mtoto akiomba mkopo wa chuo, barua inapita kwao. Ukitaka kumdhamini ndugu yako polisi, unaanza na barua yao. Mtendaji ni mwajiriwa, lakini mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji wanachaguliwa, na wanachaguliwa kwa tiketi ya chama. Chini yao, kwa wanachama wa CCM, yupo balozi wa nyumba kumi, cheo cha tangu miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Vyama vingi vilipokuja, mabalozi walibaki wa CCM, lakini mazoea hayakufutwa na sheria: katika vijiji vingi ugomvi wa mpaka wa mbuzi bado unaanzia kwa balozi. Chama kingine kinapofika kijijini kinafika na bendera na kipaza sauti. Mwenzake yumo tayari ndani ya ua, anajua nani amefiwa na nani anadaiwa. Wakereketwa wa CCM wa Mkula wanaliona hilo kuwa ni matunda ya kazi ya miaka mingi, na kwa sehemu wana haki. Wa upande wa pili wanaliona kuwa ni mechi ambayo mmoja anacheza na mwenye uwanja.

Ndiyo maana uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao magazeti huupa nafasi ndogo, ndio uliovunja mioyo ya watu kuliko mwingine wowote. Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi nchini kwa makosa ya kujaza fomu. CHADEMA na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikachukua karibu vijiji vyote. Novemba 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na CCM ikatangazwa kupata takriban 99 kwa mia ya vijiji. Sasa fikiri: mtu aliyempigia kura mpinzani mwaka 2015, akijua kwamba kila atakapouza nusu eka atamhitaji mwenyekiti wa chama kile kingine, na kwamba mwenyekiti huyo hakupata mshindani, atakuwa jasiri kiasi gani wa kutundika bendera juu ya nyumba yake? Sikupata mtu aliyeniambia kwamba alinyimwa muhuri kwa ajili ya chama. Nilipata kadhaa walioniambia kwamba hawakutaka kujaribu.

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020 ulikuta hali hiyo tayari. Kilombero ilikwenda kwa Abubakar Asenga na Mlimba kwa Godwin Kunambi, wote CCM. Mikumi nayo ikarudi. Bara nzima, viti vya majimbo vilivyobaki kwa wapinzani vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Maoni ya Mkula yamegawanyika juu ya sababu, nami nayatoa kama nilivyoyapokea. Wapo wanaosema kwa dhati kwamba waliona kazi: daraja la Mto Kilombero pale Ifakara, ambalo Rais Magufuli alilizindua mwaka 2018, lilikuja baada ya watu kuzama kivukoni kwa miaka mingi, na kivuko kilipinduka tena Januari 2016. Aliyepoteza ndugu katika maji yale haulizwi kwa nini alishukuru. Wapo wanaosema mbunge wao alipohama aliwavunja moyo, wakabaki nyumbani. Na wapo wanaosema kwamba hesabu haikuwa ya haki, wakikumbusha kwamba wasimamizi wa uchaguzi walikuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu wanaoteuliwa na Rais ambaye mwenyewe ni mgombea.

Mwaka 2025 ushindani uliwapungukia hata wale waliousubiri. CHADEMA ilienguliwa Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa kizuizini kwa shitaka la uhaini. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya kura 97 katika kila 100, baada ya siku za ghasia, vifo na kukatika kwa intaneti. Juu ya siku zile watu wa Mkula walizungumza nami kwa sauti ya chini, na wengine hawakuzungumza kabisa. Sikuwalazimisha.

Jambo lililonishangaza nilielezwa na mwanachama wa CCM wa siku nyingi, mzee wa mpunga. Yeye anasikitikia upinzani kudhoofika, kwa sababu ya mfereji. Wakati ule wa mbunge wa chama kingine, alisema, kila kiongozi alikuwa akija: wa upinzani akija Jumatatu kuulizia skimu, wa CCM anafika Jumatano asionekane amelala. Siku hizi anapiga simu mwenyewe, na simu inaita. Hajaacha chama chake, wala hana nia. Anachotaka ni jirani wa kumtia mwenye nyumba wivu.

Jioni nilifika kwa msikilizaji aliyeniandikia. Nilimpa jibu langu: waliohama ni viongozi, na sheria haikumpa yeye nafasi ya kuulizwa; lakini mkutano mkuu wa kijiji haujahama. Kwa mujibu wa sheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, awe na kadi ya chama chochote au asiwe nayo, na mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa pale.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na usipoitishwa, nimlalamikie nani? Nikamwambia mtendaji wa kata, juu yake mkurugenzi, na pia diwani. Akahesabu kwa vidole: wawili wameajiriwa, hawaombi kura yangu, mmoja ni wa chama, na chama ni kile kile. Akakunja vidole vitatu, akaniuliza kama ninajua bei ya mpunga Ifakara wiki hii. Basi la kunirudisha lilikuwa limekwisha piga honi barabarani.